Sungura Aliyefungiwa Mlango: Mhadhara juu ya Vivutio Vilivyovunjwa na Wanaovililia



Tarehe 22 Januari 2023, katika bustani ya burudani ya Magic Kingdom huko Florida, Marekani, watu walipanga foleni ndefu kuelekea kwenye mlima wa kutengenezwa kwa mikono. Watu wazima, wengine na wajukuu wao, walisimama saa kadhaa ili wapakiwe kwenye mtumbwi wenye sura ya gogo, wapitishwe mapangoni kwa dakika kama kumi na moja, kisha waporomoke mita 16 hadi bwawani na kutoka wamelowa chapachapa. Wengi wao walikuwa wameshapanda gogo hilo mara nyingi maishani. Siku ile walikuja kuaga. Kivutio chenyewe, Splash Mountain, kilikuwa kinafungwa moja kwa moja. Muda si mrefu kwenye mitandao ya mnada zikaonekana chupa na mifuko ya maji ambayo wauzaji walidai kuyachota mle ndani.

Wapo waliowacheka watu hao. Mimi nawaonea huruma, na zaidi ya huruma, nadhani wanatufundisha jambo kuhusu kumbukumbu ambalo sisi watu wa hadithi tunapaswa kulisikiliza. Tena kivutio hiki kimoja kinatuhusu zaidi kuliko vingine vyote vilivyopata kuvunjwa kule, kwa sababu ndani ya mlima ule alikuwa anaishi mnyama tunayemjua tangu utotoni. Nitafika kwake.

Kwanza tujiulize kinachopotea ni nini. Kitabu kikikosekana dukani, utakipata maktaba. Filamu ya zamani utaitazama tena. Kivutio cha bustani ya burudani ni jengo, mitambo, maji, giza, baridi, harufu, na watu uliokaa nao kiti kimoja. Kikivunjwa, hakuna nakala. Katika bustani ya EPCOT, huko huko Florida, kulikuwa na kivutio kilichoitwa Horizons, kilichofunguliwa mwaka 1983. Kiliwapitisha watu mbele ya maisha ya familia moja ya siku za usoni: mji wa chini ya bahari, makazi ya angani, na shamba lililostawishwa jangwani. Mlipofika shambani, harufu ya machungwa ilipulizwa kutoka kusikoonekana. Kivutio kilifungwa mwaka 1999, jengo likabomolewa, na mwaka 2003 pakafunguliwa kingine mahali pake. Video za Horizons zipo tele kwenye intaneti, zimepigwa na wageni kwa mikono inayotikisika. Harufu ya machungwa haimo katika hata moja, na ukiwauliza waliopanda wanakumbuka nini, wengi wanaitaja hiyo kwanza.

Hali kadhalika nyambizi za Nautilus, zilizozama, au zilizojifanya kuzama, katika ziwa dogo la Magic Kingdom tangu 1971 hadi 1994. Ziwa lilibaki pale miaka kumi bila nyambizi kabla ya kukaushwa. Na papa wa Jaws katika bustani ya Universal, Orlando, aliyewarukia wageni tangu 1990 hadi tarehe 2 Januari 2012. Orodha ni ndefu na sitaimaliza. Ipo hata kazi maalumu ya kuitunza: tangu mwaka 2017 Kevin Perjurer ameiendesha chaneli ya video iitwayo Defunctland, inayosimulia historia ya vivutio vilivyokufa kwa umakini ambao ningependa kuuona katika baadhi ya tasnifu ninazosahihisha.

Lakini kwa nini majonzi yawe makali hivyo kwa mtambo? Nionavyo mimi, jibu liko mlangoni pa kivutio, kwenye ubao wa kupimia kimo. Splash Mountain ya Florida ilidai mtoto awe na sentimita 102. Mwaka huu mtoto anasimama chini ya alama, anainua visigino, mhudumu anatikisa kichwa, mtoto analia, na baba anabaki naye nje huku kaka zake wakiingia. Anaporudi amerefuka, anapita. Miaka ishirini baadaye anamsimamisha binti yake chini ya ubao uleule. Mle ndani dubu wa mitambo ni yuleyule, anayumba vilevile, wimbo unaanza kwenye kona ileile. Kila kitu katika maisha ya mtu huyu kimebadilika: nyumba imeuzwa, mama amefariki, ndugu wametawanyika. Mahali pamoja tu hapakubadilika, na pale ndipo alipoweza kujipima. Siku mahali hapo panapovunjwa, anapoteza kipimo chake, na ninaamini hayo ndiyo aliyokuwa anayalilia yule aliyesimama foleni siku ya mwisho.

Sasa, wenye bustani nao wana hoja zao, na si za kubeza. Mitambo inachakaa, vipuri vinakoma kutengenezwa, mdhamini anajitoa. Horizons ilidhaminiwa na kampuni ya General Electric, na udhamini ulipokwisha mwaka 1993, kivutio kilianza kuyumba. Kitu kipya kinaleta watu, kitu cha zamani kinaleta wale wale. Walt Disney mwenyewe, aliyefungua Disneyland huko California mwaka 1955, alisema wazi kwamba bustani yake haitakamilika kamwe, itaendelea kubadilika. Mgeni aliyenunua tiketi alinunua siku moja. Hakununua kipande cha mlima. Kumbukumbu haina hati miliki, na hapo ndipo uchungu unapoingia, kwa sababu biashara nzima ya bustani hizi imejengwa juu ya kuwaambia wazazi kwamba wanawanunulia watoto kumbukumbu za kudumu. Ukimuuzia mtu kumbukumbu, usishangae siku anapokuja kuidai.

Nirudi kwenye mlima wenyewe. Wazo lake lilimjia mbunifu Tony Baxter mwaka 1983, akiwa kwenye msongamano wa magari akielekea kazini. Disneyland ilikuwa na eneo la Bear Country lisilotembelewa sana, na kulikuwa na kivutio kingine, America Sings, kilichoanza 1974, ambacho wageni walikuwa wamekichoka ingawa kilijaa wanyama wa mitambo waliotengenezwa kwa ustadi mkubwa. Baxter akaona njia ya kuwahamisha wanyama hao na kuwapa hadithi. America Sings ilifungwa mwaka 1988. Splash Mountain ikafunguliwa Disneyland mwaka 1989, na mwaka 1992 zikafunguliwa nyingine mbili, Florida na Tokyo. Naomba tulione hilo: kivutio kinacholiliwa leo kilizaliwa kwa kuvunjwa kwa kingine, na bata na vyura walioimba ndani yake walikuwa wakimbizi kutoka kaburi la mtangulizi wake. Wapo waliomlilia mtangulizi huyo pia.

Na hadithi waliyopewa ilikuwa ya sungura.

Ndani ya gogo lako ulimfuata Sungura, anayeitwa kule Brer Rabbit, anayeondoka nyumbani kwake kwenda kutafuta mahali pa kucheka. Mbweha na Dubu wanamwinda. Mwishoni wanamkamata, na wako tayari kumpika. Sungura anawasihi wafanye lolote, wambanike, wamnyonge, ila tu wasimtupe kwenye kichaka cha miiba. Mbweha, kwa ukatili wake, anachagua jambo lile lile ambalo mateka wake anaonyesha kuliogopa zaidi. Anamtupa miibani. Na Sungura alizaliwa miibani, ndiko kwao. Ule mporomoko wa mita 16 ulikuwa ni kule kutupwa, na wewe abiria ndiwe uliyekuwa Sungura. Ulipiga kelele, ukalowa, ukatoka salama upande wa pili ukiwa unacheka. Sijui kivutio kingine kilichoweza kumweka mtu ndani ya ujanja wa hadithi kwa kiasi hicho. Kama ufundi wa kusimulia, nakisifu bila kusita.

Ndugu wasikilizaji, hadithi hiyo mnaijua. Mwaka 1901 George Bateman alichapisha huko Chicago kitabu cha hadithi za Unguja. Humo mna Sungura aliyegundua asali kwenye mbuyu, asali iliyokuwa mali ya Simba. Anakwenda kuiba mara ya kwanza na Buku, mara ya pili na Kobe. Simba anawafumania. Sungura anaponyoka kwa hila zake, na Kobe anapobaki mikononi mwa Simba, anamshauri kwa unyenyekevu kwamba gamba lake halitoki mpaka lisuguliwe kwenye tope. Simba anampeleka majini, anasugua, Kobe anateleza na kwenda zake, na Simba anabaki akijichubua nyayo. Mwenye nguvu anaombwa afanye lile litakalomwokoa mnyonge, naye analifanya kwa mikono yake mwenyewe. Ni werevu uleule wa kichaka cha miiba.

Na ile habari ya Brer Rabbit na sanamu la lami, ambamo Sungura ananaswa mkono, kisha mwingine, kisha miguu? Huku kwetu inasimuliwa kisimani: wanyama wamechimba maji, Sungura amekataa kuchimba lakini anaiba usiku, mpaka siku Kobe anapakwa ulimbo mgongoni na kuwekwa majini. Sungura anakanyaga, ananasa. Katika mlima wa Disney sanamu la lami liliondolewa, kwa sababu jina lake kule limekuja kutumika kama tusi kwa watu weusi, na Sungura akanaswa kwenye asali. Watengenezaji walidhani wamebuni mbadala. Asali ilikuwa kwenye hadithi za Sungura wa Unguja tangu zamani.

Sisemi kwamba sungura wa mbuyu wa Unguja ndiye aliyevuka Atlantiki. Watumwa waliopelekwa Georgia, Marekani, ambako Brer Rabbit alisimuliwa, walitoka zaidi Afrika Magharibi na maeneo ya Kongo na Angola, wachache kutoka huku mashariki. Lakini ukoo ni mmoja. Malawi anaitwa Kalulu, kwa Waganda Wakayima, kwa Wawolofu wa Senegali Leuk. Waliofungwa minyororo hawakuruhusiwa kubeba kitu, wakambeba huyu kichwani.

Katika mashamba ya watumwa alipata kazi nzito. Mtu asiyeweza kumjibu bwana wake mchana aliweza usiku kuwasimulia watoto juu ya mnyama mdogo asiye na nguvu anayewashinda Mbweha na Dubu kwa maneno matupu. Mwaka 1862 kijana mzungu, Joel Chandler Harris, alikwenda kujifunza uchapaji katika shamba la Turnwold, Georgia. Jioni alikaa kwenye vibanda vya watumwa na kusikiliza, na miongoni mwa waliomsimulia ni mzee aliyeitwa George Terrell. Mwaka 1880 Harris alitoa kitabu kilichompa umaarufu mkubwa. Jina la Terrell halimo kwenye jalada. Badala yake Harris alibuni mzee msimulizi, Uncle Remus, mtumwa wa zamani anayemsimulia mtoto wa kizungu huku akiyakumbuka mashamba kama mahali pa amani.

Hapo ndipo hadithi ilipotiwa sumu, na sumu yenyewe ilikuwa ni kulilia yaliyopita: kulilia utumwa kana kwamba ulikuwa utoto mzuri wa kila mtu. Disney iliifanya filamu mwaka 1946, *Song of the South*. Ilizinduliwa Atlanta, na James Baskett, aliyeigiza Remus, hakuweza kuhudhuria uzinduzi wa filamu yake mwenyewe kwa sababu ya ubaguzi wa rangi wa mji ule. Mwaka 1948 alipewa Oscar ya heshima, na mwaka huohuo akafariki. NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, kilipinga sura ya utumwa iliyochorwa. Filamu ilionyeshwa kwa mara ya mwisho kwenye sinema za Marekani mwaka 1986, na kampuni haijapata kuitoa kwa kanda wala diski nchini humo. Hata hivyo, miaka mitatu baada ya kuifungia filamu kabatini, ikajenga mlima kutokana na hadithi na nyimbo zake, ikamwacha Remus nje na kudhani yamekwisha.

Hayakwisha. Mwandishi Alice Walker, aliyezaliwa Eatonton, Georgia, mji aliozaliwa Harris, alikwisha kuandika mwaka 1981 jinsi alivyonyang'anywa sehemu ya urithi wake: baada ya kuiona filamu ile, familia yake iliacha kusimuliana hadithi hizo. Tulitafakari hilo. Wazazi weusi waliokuwa wenye hadithi walizionea haya. Huo nao ni mlango uliofungwa, na hakuna aliyepanga foleni siku ya mwisho.

Kwa hiyo, mnamo Juni 2020, wiki chache baada ya George Floyd, mtu mweusi, kuuawa na polisi, Disney ilipotangaza kwamba Splash Mountain itageuzwa, nadhani iliamua sawa. Mtoto mweusi hapaswi kupita kwenye foleni ya furaha iliyojengwa juu ya filamu ambayo wenyewe wanaona aibu kuionyesha. Mahali pake, tangu Juni 2024 kwa Florida na Novemba mwaka huo kwa California, pamefunguliwa Tiana's Bayou Adventure, kwa jina la binti mfalme mweusi wa kwanza wa Disney, kutoka filamu ya 2009. Mhusika huyo alichochewa na maisha ya Leah Chase, mpishi mashuhuri wa New Orleans, ambaye mkahawa wake ulikuwa mahali pa kukutania wapigania haki za weusi. Ni heshima njema, na ilichelewa.

Lakini Sungura alikosa nini? Kosa lilikuwa la msimuliaji aliyebuniwa, la filamu, la wenye studio. Sungura alikuwa mali ya watumwa, silaha yao, kicheko chao. Alitekwa, akavishwa nguo za shamba, na siku shamba lilipoonekana kuwa aibu, akafukuzwa pamoja nalo. Njia nyingine ilikuwepo. Zora Neale Hurston alikwishazikusanya hadithi za watu wake kwa heshima katika *Mules and Men* mwaka 1935. Julius Lester, mwandishi mweusi, alizisimulia upya hadithi za Sungura mwaka 1987, miaka miwili kabla ya mlima kufunguliwa, akimrudishia mnyama ulimi wake bila unyonge wa Remus. Wenye bustani wangeweza kumpa Sungura msimulizi anayestahili. Walichagua kumwacha. Hilo ndilo ninalolilia mimi, na nalilia pamoja na wale wa foleni, ingawa sababu zetu hazilingani.

Wengine wananiuliza: sisi hayo yanatuhusu nini, wakati wengi wetu hatutaiona Florida? Yanatuhusu kwa sababu tumo mle. Katika bustani ya Animal Kingdom, iliyofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998, kuna mji wa kubuni wa Afrika Mashariki uitwao Harambe, ambao wabunifu wake, wakiongozwa na Joe Rohde, waliutengeneza kwa kuangalia majengo ya Lamu. Kuta zimepakwa ili zionekane zimeliwa na chumvi ya bahari, na Kiswahili kimeandikwa mabangoni. Safari ya kuangalia wanyama humo hapo awali ilikuwa na kisa: majangili wamemshambulia tembo aitwaye Big Red, mwanawe Little Red amechukuliwa, na gari lako linawakimbiza. Kisa hicho kiliondolewa mwaka 2012, na mahali pa majangili wakawekwa pundamilia. Wapo Wamarekani wanaokikumbuka kisa kile kwa mapenzi makubwa, na kwa wengi wao ndicho kilichowafundisha mara ya kwanza kuhusu ujangili. Lamu yenyewe, yenye watu, punda na madai yake, haikuulizwa wakati wa kuweka wala wakati wa kuondoa. Sisemi hili kwa kinyongo. Nasema ndivyo ilivyo pale ambapo sura yako iko mikononi mwa mwingine: itajengwa atakapo na kubomolewa atakapo.

Mlima wa Tokyo bado upo. Kule Sungura anatupwa miibani kila siku, kwa Kijapani.

Na huku? Hapa nazungumza na wanafunzi. Likizo iko karibu, na wengi wenu mtakwenda kwa bibi na babu, Pangani, Mtwara, Malindi, Kigoma, Bujumbura. Simu mliyo nayo mfukoni inarekodi sauti. Kaeni nao jioni, ombeni hadithi moja ya Sungura, nzima, pamoja na nyimbo zake, vicheko vyake na mahali wasikilizaji wanapoitikia. Msikatize, msisahihishe lafudhi. Ombeni idhini ya kuihifadhi, na mkikataliwa, heshimuni. Kisha iandikeni neno kwa neno, na juu kabisa ya karatasi, kabla ya jina lenu na kabla ya jina la chuo, andikeni jina la aliyewasimulia.